Kila Neno Gumu Lina Mtoto Wake

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alikuja kunisalimia hapa Lisekese, akakaa barazani na riwaya nene ya Kiingereza waliyopewa shuleni. Kitabu mkono mmoja, simu mkono wa pili. Anasoma mstari, anashika simu. Anasoma nusu mstari, anashika simu. Mpaka adhana ya adhuhuri hajageuza ukurasa.

Nikamwuliza, "Wewe, hicho kitabu unakisoma au unakitoa chawa?"

"Babu, maneno magumu. Kila neno lazima nilitafute. Na wewe hujui Kiingereza, ungenisaidia."

Hapo alinichokoza. Mimi shule nimefika darasa la nne, na hilo la nne nalo tuliachana kabla halijaisha. Lakini riwaya ya Kiingereza nimeisoma, kurasa mia nne na zaidi, bila simu, bila kamusi, bila mwalimu, nimekaa juu ya dumu la oili pembeni ya mtambo wa maji. Na riwaya hiyo nusura inipokonye kazi yangu. Kwa hiyo naandika haya, ayasome yeye na nyie wenzake mnaolia na vitabu vya shule. Sitawabembeleza. Mkitaka kubembelezwa nendeni kwa bibi yenu.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha mtambo wa kusukuma maji, bondeni, chini ya Newala. Miaka ishirini na sita. Nyie mnaofungua bomba hamjui, lakini kule juu hakuna mto. Maji yako bondeni na watu wako juu, na kati yao kuna mlima ambao mama zetu waliupanda na mitungi kichwani tangu alfajiri. Mtambo ulipokuja, mlima ukawa wangu. Nikipiga hendeli, maji yanapanda. Nikikosea, wilaya nzima inanikumbuka kwa jina.

Na nilikosea. Wiki yangu ya kwanza niliwasha mtambo huku valvu ya kupeleka maji juu nimeifunga. Pampu ikasukuma maji yasiyokwenda popote, ikachemka kama sufuria ya ugali. Fundi aliyekuwa ananifundisha, marehemu sasa, hakunigombeza. Alinishika mkono akaugusisha kwenye bomba, nikaruka. Akasema, "Mashine haisemi Kiswahili. Gusa jirani zake. Bomba likiwa la moto, pampu ina shida. Sauti ikibadilika, mkanda una shida. Usiiulize yenyewe, waulize inaokaa nao." Akanionyesha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, usikie chuma kinavyopumua ndani. Mpaka leo bodaboda wa hapa wakishindwa kujua pikipiki inagonga wapi, wananiita mimi na bisibisi yangu.

Shikeni hilo la jirani, maana ndilo lililonisomesha.

Mtambo ukachoka. Tukaambiwa unakuja mwingine mpya, na kabla yake akaja mtaalamu wa kigeni kuusimamia. Hakujua Kiswahili zaidi ya "pole" na "maji". Tulimwita Bwana Geji, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya geji, ile saa ya kupimia nguvu ya maji, bila kuigonga kwa kucha. Tulikuwa waendesha mitambo wawili, tunapokezana zamu: mimi na Saidi. Saidi alikuwa Myao wa Masasi, mtani wangu, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alifika kidato cha pili, akafanya kazi gereji, Kiingereza cha mdomoni alikuwa nacho.

Bwana Geji akatuweka chini. Akasema, Saidi akitafsiri: mtambo mpya una kitabu chake cha maelekezo, chote Kiingereza. Mtu mmoja tu atashika ufunguo wake. Mwingine atapanda juu kufungulia watu bomba la kijiji. Kuanzia leo daftari la kila siku liandikwe Kiingereza, yeye atalisoma, na kwa daftari hilo atajua nani ni nani.

Nikajiona mimi, niliyeshika mtambo ule tangu rangi yake mpya, nimekaa kwenye bomba la kijiji nafungua na kufunga, na Mama Somoe mke wangu yuko kwenye foleni ananitazama. Hapana.

Saidi akanipigapiga bega. "Baba Somoe, usijali. Bomba nalo ni kazi. Utakaa kivulini."

"Kivulini utakaa wewe."

"Kiingereza utakitoa wapi, mtani? Nyie Wamakonde mkipewa mti mnachonga. Mkipewa karatasi mtafanyaje?"

"Na nyie Wayao kwa kuzurura na biashara, mkipewa kitu kimoja mkae nacho hamwezi. Ngoja uone."

Nilisema hivyo kwa sababu ya hasira. Kitu cha kumwonyesha sikuwa nacho.

Newala pale nilipoishi enzi hizo, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliishi Mama Anjela, muuguzi mstaafu, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Nikamfuata nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na kitabu kisicho na jalada, kurasa za kwanza zimeliwa na mchwa. Jina lake silijui mpaka leo, na aliyekiandika pia simjui. Mama Anjela aliachiwa na mgeni mmoja zamani.

"Hiki ni Kiingereza chenyewe," akasema. "Cha zamani, kigumu. Ukikimaliza hiki, kitabu cha mashine kitakuwa uji."

"Na maneno nisiyoyajua?"

"Utayajua."

"Nikikwama nije?"

"Baba Somoe, mimi nimestaafu. Ukija kuniuliza neno hata moja, nakinyang'anya."

Basi nikateremka nacho bondeni. Mtambo ukishatulia una saa sita za kukaa, unachungulia geji, unatia grisi, unakaa tena. Nikafungua. Nyie mnalia, mimi nilitaka kukitupa mtoni. Kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, katika mstari mmoja najua maneno manne, saba siyajui. Kulikuwa na mama mwenye nyumba kubwa, mjane, wapwa zake wawili wanaogombea kitu, na farasi. Hayo tu niliyapata siku tatu za kwanza. Pampu hakuna. Kurasa mia nne, hata bomba moja hakuna.

Siku ya nne nikasema, hebu. Mama Anjela namjua miaka kumi na tano, jina lake alilopewa na wazazi wake silijui. Sijawahi kuuliza, na kuuliza ni utovu wa adabu. Namjua kwa mtoto wake. Mimi mwenyewe watu hawanijui ila kwa Somoe. Ukimwona mtoto na mtu mzima wameongozana kila siku, unajua huyu ni wa huyu, inatosha kuishi naye. Kwa nini neno la Kiingereza nilitake jina lake?

Nikachukua daftari la shule la Somoe lililobaki kurasa, nikaanza. Neno gumu likitokea sikusimama. Niliangalia liko na nani. Likitokea tena, niliangalia tena liko na nani. Likionekana mara tatu na mtu yule yule, nililipa mtoto. Neno moja kila mara lilikuwa na machozi: nikaandika Mama Machozi. Jingine halikosekani farasi akikataa kwenda: Baba Farasi. Lilikuwapo moja ambalo watu walilitumia wakiingia mlangoni huku miguu inataka kubaki nje, hilo nikaliita Mama Mlango, na nawaambia nililijua neno lile kuliko walimu wenu wanavyolijua.

Faida yake ni kwamba hukatiki. Hadithi inatembea na wewe unatembea. Neno ambalo halirudi, lilikuwa mpita njia, mwache aende. Neno la maana litarudi tu, tena na jamaa zake.

Nilikosea pia, sifichi. Lilikuwapo neno "countenance". Kila nilipoliona kulikuwa na mshumaa karibu, mtu anasogezewa mwanga, na neno lile linaonekana. Nikasema hii ni taa, nikaliita Baba Mshumaa. Sasa siku moja yule mjane akapokea barua, akaisoma, na kitabu kikasema "countenance" yake ikaanguka. Nikashtuka. Taa imeanguka, nyumba ya mbao, mapazia mpaka chini. Nikasoma mbio, nasubiri moto. Kurasa kumi moto hauji. Nikaona hawa wazungu wazembe, taa imeanguka na hakuna aliyeinama kuiokota. Miezi mingi baadaye nikajua kumbe ni uso.

Kosa hilo halikumdhuru mtu. Lililofuata ndilo.

Masika yalikuwa yameanza. Katika daftari la mtambo kuna sehemu ya maelezo, na mvua lazima iandikwe. Mvua ikinyesha juu, watu wanakinga maji ya paani, matangi yao yanajaa, nasi tunapunguza saa za mtambo. Kwa hiyo Bwana Geji alitaka kujua mvua yote. Neno la kawaida la mvua nilikuwa nalijua, hata mtoto wa darasa la pili analijua. Lakini nilitaka ajue amepata mtu. Na kitabuni nilikuwa nimeshakutana na neno zuri, refu, "melancholy". Mvua ikianza tu, yule mjane anakwenda dirishani, na neno hilo hapo. Mvua nyembamba, ya kutwa nzima, isiyo na radi. Mara nne nililiona, mara zote nne na mvua. Nikaliita Mama Manyunyu, na nikaanza kulitumia.

Karatasi za daftari zilichukuliwa na lori la dizeli kila baada ya wiki mbili kwenda Mtwara kwa Bwana Geji. Zikaenda za kwanza. Zikaenda za pili. Nikawa natembea kifua mbele.

Siku moja asubuhi, zamu ikibadilishwa, mimi na Saidi wote tupo, Landrova ikateremka bondeni. Bwana Geji akashuka, na kwa mara ya kwanza hakuigonga geji. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole." Akasema tena, "Pole, pole." Nyuma ya gari niliona godoro limetandikwa na blanketi.

Nikamwuliza Saidi, "Kafiwa?"

Saidi akaongea naye. Akanigeukia, uso umempooza. "Anasema amekuja kukuchukua. Anakupeleka hospitali Ndanda ukapumzike. Anasema ungemwambia mapema. Anauliza kama ni mambo ya mke."

"Mke wangu ana nini?"

"Anasema hataki kuingilia."

"Mwambie mimi mzima. Nani kamwambia naumwa?"

Bwana Geji akatoa karatasi zangu mfukoni, amezikunja vizuri kama hati ya shamba. Akamsomea Saidi, polepole, kama mtu anayesoma wosia. Saidi akaanza kunitafsiria.

"Umeandika wewe mwenyewe. Jumatatu: huzuni kubwa tangu asubuhi. Jumanne: huzuni imepungua saa tisa, jua kidogo. Jumatano..." Akauma mdomo. "Jumatano: huzuni inavuja paani, nimekinga ndoo."

Nikatazama paa la kibanda.

"Alhamisi: huzuni ya leo nzuri sana, wakulima wa mihogo wamefurahi. Ijumaa: hakuna huzuni, watu wameanza kulalamika." Saidi alikuwa ameushika mlango wa kibanda kwa mikono yote. "Jumamosi: tunaomba Mungu huzuni iendelee mpaka..." Hakumaliza. Alikaa chini kwenye grisi na suruali yake ya nyumbani, akacheka mpaka sauti haikutoka.

Nilimweleza ni mvua. Saidi alipoweza kusema akamweleza Bwana Geji. Mzungu yule hakucheka. Alikunja karatasi, akafikiri, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Saidi naye akaacha kucheka.

"Anasema anafurahi kwamba huumwi. Lakini mtu asiyejua mvua na huzuni hawezi kushika mtambo wenye maelekezo ya Kiingereza. Siku moja utasoma 'zima' ukadhani 'washa'. Anasema ufunguo ni wangu."

Basi. Miaka yangu yote bondeni ikaisha kwa neno moja. Ningekuwa na shule ningejua namna ya kujitetea kwa heshima. Mimi niliingia kibandani nikatoka na lile daftari la Somoe nikamsukumia Bwana Geji kifuani. "Mwambie afungue. Mwambie moja nimekosea, aangalie hayo mengine. Na mwambie anijaribu, hapa hapa, na wewe akujaribu."

Saidi angeweza kusema anachotaka. Mzungu asingejua. Alitafsiri neno kwa neno, nilisikia hata jina la Somoe. Baadaye nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Ningekudanganyia tafsiri, maisha yangu yote ungenicheka. Bora ufunguo upotee."

Bwana Geji alifungua daftari. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine, anamwuliza Saidi hii Mama ni nini, hii Baba ni nini. Saidi akamweleza jinsi watu wa kwetu wanavyoitana. Akakaa juu ya dumu langu la oili, akasoma karibu yote, kidole kinatembea. Mara anatikisa kichwa, mara anainua nyusi. Akaenda garini, akaja na kitabu cha mtambo mpya, akafungua mahali pamoja. Akasema injini ya zamani na mpya ni ndugu, tufanye ilivyoandikwa. Saidi kwanza.

Ulikuwa ukurasa wa kutoa hewa kwenye njia ya dizeli. Saidi alisoma kwa sauti, safi kabisa, nikamwonea wivu. Akachukua spana, kwa sababu spana na skrubu alizijua gereji, akafungua skrubu mara moja mpaka mwisho huku anapiga pampu ya mkono. Skrubu ikarukia uvunguni, na dizeli ikamvaa Bwana Geji kuanzia kola ya shati jeupe mpaka kifungo cha tatu.

Zamu yangu. Nilisoma moyoni, maana nikisoma kwa sauti hakuna Mwingereza angenielewa. Maneno mawili sikuyajua, nikayapita. Pale mbele ya neno la kulegeza, nikamwona mtu ninayemfahamu, "gradually". Huyu alikuwa Mama Ngazi. Yule mjane mzee, magoti mabaya, kila akishuka ngazi neno hilo liko naye: kidaraja kimoja, anapumzika, kingine, anapumzika. Saidi alilitamka vizuri kuliko mtu yeyote bondeni, ila hakujua linakwenda vipi.

Tuliitafuta skrubu, nikairudisha. Nikailegeza kama mjane anavyoshuka ngazi. Robo mzunguko. Nikapiga pampu ya mkono, povu likatoka. Nikangoja. Robo nyingine. Povu likaisha, ikatoka dizeli tupu, shwari. Nikakaza. Nikapiga hendeli na injini ikashika mara ya kwanza.

Bwana Geji alijifuta shingo kwa kitambaa. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, na Saidi akatafsiri huku anaangalia miguu yake: "Anasema ufunguo ni wako. Mimi nabaki hapa chini msaidizi wako, bomba la kijiji atatafutwa mtu. Lakini ana sharti. Mtoto wa neno umpe wewe, sawa. Kabla hujaliandika kwenye daftari lake, uniulize mimi, Saidi, kama mtoto ni wa kwake kweli."

Nikasema, mwambie nimekubali. Kukubali kulikuwa rahisi. Ila mimi mtu wa kuuliza? Nimwulize Saidi? Miezi miwili mizima, mpaka mtambo mpya ukafungwa, niliandika daftari kwa maneno kumi na mawili yale yale ili nisimwulize kitu.

Mtambo mpya ukaanza. Niliuwasha mwenyewe asubuhi, mbele ya watu wa ofisi waliovaa viatu vya mjini. Mwendesha mtambo hayaoni maji yakifika, anaona sindano ya geji tu. Saa nne hakuna habari, saa sita hakuna habari. Mchana lori likateremka, dereva akanipa salamu kutoka kwa Mama Somoe, niliyekuwa nimemwachia kazi ya kuangalia bomba kule juu. Alisema hivi: mwambie huyo msoma riwaya maji yamefika, yana nguvu, ila yana kutu, nimefulia kanga yangu nyeupe imekuwa rangi ya chai.

Kutu lazima iandikwe. Bomba linaloleta kutu linatakiwa kufunguliwa chini lisafishwe, na Bwana Geji asiposoma kutu hatatoa ruhusa. Nikapekua daftari la Somoe mwanzo mpaka mwisho. Mjane, farasi, barua, ngazi, machozi. Kutu hakuna. Watu wa kitabu kile walikuwa na mageti ya chuma na hawakuwahi kuyatazama.

Nikasimama na kalamu. Kule juu watu wanakunywa chai kabla hawajatia majani. Nikaenda nyuma ya kibanda alikokuwa Saidi anafua tambara la grisi.

"Saidi. Kutu kwa Kiingereza wanasemaje?"

Hakuinua kichwa. "Mtu anayekuja shuleni huwa anamwamkia mwalimu."

Nilimtazama. Mdogo wangu kwa miaka kumi, Myao, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Baba Somoe," akajibu bila haya, akachukua kalamu mkononi mwangu na kuniandikia neno lenyewe kiganjani, herufi nne tu, fupi kuliko yote niliyowahi kujisumbua nayo.